Wenye Jabali

Jabali lilisimama katikati ya njia mpya ya milimani, na wakubwa walitaka liondoke kabla ya adhuhuri. Wakubwa wenyewe hawajapata kuondoa hata kokoto. Kazi ilikuwa ya Thani, dereva wa katapila, na Thani alikuwa anaogopa.

Jabali la mwisho alilolivunja, miaka minne nyuma, hazikutimia siku arubaini akamzika mkewe Mastura. Ofisini walimletea kapu la matofaa. Sasa bintiye Balqees ana mimba ya miezi minane, yuko peke yake nyumbani, mjini Amerat.

"Kwetu Aislandi tungepindisha njia," alisema mhandisi Gunnar, kwa Kiarabu chake cha kubabaisha. "Mawe kama haya yana wenyewe, hawaonekani. Ukiwabomolea bila kuwaaga, wanakufuata kwako."

"Basi pindisha."

"Mimi nani? Wakubwa wamekataa. Lakini bibi yangu, siku wanayohama wale, alikuwa akizunguka nyumba na kusema: anayetaka kuja aje, anayetaka kwenda aende, asinidhuru mimi na walio wangu."

Thani alilizunguka jabali.

"Mzee Thani anatufu," wenzake walicheka. "Haji mtarajiwa."

Aliyasema maneno, akapanda, akasukuma. Jabali lilipasuka, na ndani yake ukatoka ubaridi, katika jua lile la mwezi wa sita, kama nyumba iliyofunguliwa mlango.

Alasiri, njiani kurudi, aliyarudia maneno moyoni, akapunguza mwendo wa gari. Kule jabalini alisema "asinidhuru mimi". Akaishia hapo. Ugane ulimzoesha kujiombea peke yake.

Kiyoyozi cha gari kilikufa zamani. Lakini shingoni alihisi baridi.

Balqees alimfungulia, mkono kiunoni, akachungulia nyuma yake.

"Baba, mbona hukunambia kama unakuja na wageni? Nna chai kidogo tu."

"Wageni gani?"

"Hao walokaa garini."

Thani hakugeuka. Alimwambia aingie, afunge kwa komeo. Komeo lilipolia ndipo akageuka, mgongo mlangoni, macho chini, akaanza upya.

"Anayetaka kuja aje. Anayetaka kwenda aende. Asiwadhuru walio wangu."

Yeye mwenyewe hakujitaja.

Akasikia mlango wa gari unafunguka.