Msalimie Mama Yako

Kwa miaka kumi na miwili Apolline alimchukia mwanamke ambaye hakuwahi kumwona hata siku moja.

Mwanamke huyo aliitwa Marie-Louise, mjane wa huko Ulaya, na ndiye aliyemlipia Apolline shule tangu darasa la tatu kupitia shirika la Kikristo liitwalo Nyumba ya Mpanzi. Apolline alikuwa na miaka kumi vita vilipowafukuza kutoka kijijini kwao Kalinzo, kule juu milimani, na mama yake akafia njiani kabla hawajafika Goma. Mtoto aliketi akamwandikia Marie-Louise yote: mahali walipomlaza mama, kitenge walichomfunikia, na namna watu walivyochimba kwa haraka mvuani huku wakigeuka kutazama nyuma. Hakuwa amemwambia mtu mwingine. Jibu lilifika baada ya miezi minne. "Asante kwa barua yako nzuri. Msalimie mama yako. Nimefurahi kusikia kwamba mbuzi wamezaa."

Mbuzi! Kwao hawakuwa hata na kuku. Apolline akaona huyu mama hamsomi, anamchanganya na mtoto mwingine katika kundi lake la maskini. Mwaka uliofuata: msalimie mama yako. Mwaka wa tatu: msalimie mama yako. Tangu hapo akawa anamjibu mistari miwili mikavu, kama mtu anayetia sahihi kwa lazima. Chuki yake ilikomaa taratibu, wala hakuiungama hata kwa padri.

Aliyempenda alikuwa Papa Fortunat. Papa Fortunat Buhendwa, mtu wa upande wa Bukavu, mratibu wa Nyumba ya Mpanzi, ndiye aliyemwokota barabarani akiwa na vidonda miguuni. Alimlaza nyumbani kwake pamoja na wanawe, na mkewe, Mama Domitille, akamwogesha na kumsuka. Apolline alipopata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, Papa Fortunat ndiye aliyemmwagia unga wa pongezi kichwani barabara nzima ya Murara ikishangilia, kisha akampa kazi ya kutafsiri barua ofisini. "Mutoto huyu," aliwaambia wageni, "ana ulimi wa dhahabu. Kifaransa kinamuogopa."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mara mbili kwa mwaka watoto wa shule za milimani waliwaandikia wafadhili wao kwa Kiswahili. Mtafsiri alizipiga chapa kwa Kifaransa, mratibu akazipitia, na ile ya Kifaransa ndiyo iliyosafiri. Mwandiko wa mtoto ulibaki ofisini, ndani ya kabati la chuma. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ndivyo ilivyofanyika siku zote.

Kisha vita vikarudi. Kalinzo ikakimbia tena, safari hii mpaka kambi ya wakimbizi ya Bulengo, karibu na Goma, na shule ambayo shirika liliijenga kule kwa matofali ikabaki na askari. Apolline alikwenda kambini kuchukua barua za watoto, akazikuta zimeandikwa juu ya magoti, karatasi zimelowa ukungu. Moja ilikuwa ya Mapendo, msichana wa miaka kumi na mmoja.

"Shule yetu wameilalia askari," aliandika Mapendo. "Madawati wameyafanya kuni za kupikia maharage. Tulipokimbia, baba alirudi kuchukua godoro, hatujamuona tena. Anaitwa Hitimana, ana kovu kwenye kidevu. Musinitumie kalamu za rangi. Mutusaidie kuuliza kama kuna mutu amemuona."

Apolline aliitafsiri neno kwa neno, bila kupunguza wala kutia chumvi. Jioni hiyo hiyo Papa Fortunat alimwita.

"Keti, mutoto yangu. Hii barua haiwezi kwenda hivi."

"Juu ya nini, papa? Kuna kosa?"

"Kosa hakuna. Kifaransa ni kizuri mupaka kinaumiza. Lakini andika kwamba shule inaendelea."

"Inaendelea wapi, papa? Kwenye chungu cha maharage?"

Papa Fortunat alicheka, kwa sababu alizoea kucheka na Apolline. "Usinichekeshe, nina kazi. Fungua kabati, utazame namna muzee Josias alikuwa anafanya zamani, wakati wa vita ile ingine. Fuata mufano wake tu."

Muzee Josias alikuwa mtafsiri kabla yake, marehemu sasa, mtu mpole aliyekuwa akiwapa watoto karanga mfukoni. Apolline alichukua ufunguo akaenda. Hakuwa na nia nyingine. Alitafuta mfano, kama alivyotumwa. Majalada yalipangwa kwa vijiji, na kijiji chenye barua nyingi za wakati ule kilikuwa Kalinzo. La nne kushoto lilikuwa na jina lake mwenyewe.

Alikutana na mwandiko wake wa utotoni, herufi kubwa zilizoinama. Kitenge kilikuwemo. Mvua ilikuwemo. Nyuma yake, kwa pini iliyoota kutu, ilibanwa tafsiri ya muzee Josias, aminifu, haikuruka hata neno moja. Na juu ya tafsiri hiyo, kuanzia pale palipoandikwa kwamba mama yangu amekufa, kalamu ya kijani ilikuwa imekata mistari minane. Pembeni, kwa kijani kile kile: "Mama anakusalimu sana. Mbuzi wetu wawili wamezaa. Tunamshukuru Mungu."

Katika ofisi ile mtu mmoja tu aliandika kwa kijani.

Alifungua barua ya mwaka uliofuata, ile ambayo alimuuliza Marie-Louise, kwa hasira ya mtoto, kama anajua maana ya kufa. Kijani. Mbuzi walikuwa wamefika watano.

Alirudi na jalada mkononi, akaliweka juu ya meza.

"Papa, nisaidie hesabu. Mama yangu alipokufa, mbuzi walikuwa wangapi?"

Papa Fortunat alilitazama jalada. Alivua miwani. Hakukana, hilo Apolline alilikumbuka baadaye kwamba hakukana.

"Nilisahau kama yako iko mule," alisema.

"Ulisahau."

"Apolline, sikiliza. Barua ya kilio inafunga mukono. Wanasema, kule kumeharibika, tupeleke musaada kwengine. Niliyaona kwa macho yangu, watoto makumi wakitolewa shule kwa sababu ya barua moja ya ukweli. Barua ya mbuzi inafungua mukono. Wewe umesoma kwa sababu ya ile mbuzi. Diploma yako ni ile mbuzi!"

"Nilimuchukia yule mama, papa. Miaka kumi na mbili. Nilimuombea mabaya kanisani."

"Tulilia na wewe kule nyumbani. Domitille alikubeba mugongoni."

"Mulilia na mimi, halafu ukaenda kumufufua kwa kalamu. Yeye mupaka leo anamusalimia."

"Nilikulinda."

"Na Mapendo? Baba yake umutafutie mbuzi ngapi?"

Papa Fortunat alirudisha miwani usoni. Alipozungumza tena ilikuwa sauti ya ofisi, ile aliyowatolea madereva. "Barua ya Mapendo nitaisahihisha mwenyewe. Nenda upumzike."

Apolline hakupumzika. Alilichukua jalada lake, akaenda kwenye chumba chake cha kupanga kule mtaa wa Katoyi, akaiandika upya tafsiri ya Mapendo kutoka kichwani, kwa maana maneno akishayageuza hayamtoki. Asubuhi akaituma yeye mwenyewe kwa mfadhili wa mtoto, pamoja na picha ya mwandiko aliyoipiga kambini, kabla kijani hakijakauka kwenye ile nyingine. Kisha akaipiga picha barua yake ya kitenge na mvua pamoja na tafsiri ya muzee Josias, mistari minane iliyokatwa ikionekana yote, akamtumia Marie-Louise.

Majibu hayakuchukua miezi minne. Mfadhili wa Mapendo, mwalimu mstaafu, aliuliza jina kamili la baba, na ni barabara ipi walikimbilia. Marie-Louise aliandika sentensi moja tu: "Basi, binti yangu, miaka yote hii nilikuwa namsalimia nani?" Apolline aliisoma akiwa amesimama mlangoni, ikabidi aketi.

Lakini majibu mengine nayo yalikuja. Mwalimu yule aliwaambia wenzake, na wafadhili kumi na mmoja wakajitoa kwa mkupuo. Makao makuu yakataka maelezo ya shule ya Kalinzo, ile ambayo kwenye ripoti ilikuwa inafundisha na kupiga kengele kila asubuhi. Ofisini watu waliacha kumsalimia. Mpishi alimwekea chai bila sukari.

Mama Domitille alimfuata Katoyi, akaketi kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja.

"Mwanangu, unataka baba yako afukuzwe?"

"Mama, wewe ulijua?"

Mama Domitille alikunja pindo la kitenge chake. "Nilijua juu ya ile ya kwanza. Alikosa usingizi. Nikamwambia, andika, mutoto asome." Akainua macho. "Ofisini wameandika karatasi ya kutia sahihi. Unasema tu kwamba ulichanganya watoto wawili, Kifaransa kilikuponyoka. Kesho kwenye maombi unaomba musamaha, tunaimba, inaisha. Nitakupikia sombe."

Nyumba ya Mpanzi ilikuwa na desturi hiyo. Mfanyakazi aliyekosa alisimama kwenye maombi ya asubuhi, akaomba msamaha mbele ya wote, kisha kila mmoja akapita kumpa mkono, na kosa halikutajwa tena. Dereva aliyegonga gari alisimama. Mlinzi aliyelewa alisimama mara nne. Papa Fortunat, katika miaka yote hiyo, hakuwa amesimama.

Asubuhi iliyofuata watu kumi na wanane walikaa kwenye mabenchi. Karatasi ilikuwa mbele, juu ya Biblia, na kalamu pembeni yake. Papa Fortunat alikuwa amekonda. Kola ya shati ilimlegea shingoni. Alisali kifupi, kisha akasema, bila kumwangalia, "Dada yetu Apolline iko na neno."

Apolline alisimama. Kwa nukta moja alimwona tena yule baba aliyemmwagia unga, akicheka, unga ukimwingia hata yeye kwenye ndevu. Alijua kwamba watoto kumi na mmoja wangelala leo bila mfadhili. Alijua majina yao. Alikuwa amewatafsiri wote.

Aliisoma ile karatasi kwa sauti, mpaka mwisho, polepole. Kisha akairudisha mahali pake.

"Sikuchanganya watoto," alisema. "Kifaransa hakikuniponyoka. Mapendo aliandika kwamba baba yake amepotea, nami nikaandika kwamba baba yake amepotea. Wale kumi na mmoja naumia juu yao, na nitatembea nyumba kwa nyumba kuwatafutia watu, nikiwaambia watu hao ukweli."

"Mutoto yangu," Papa Fortunat alisema kwa sauti ya chini, "omba tu. Neno moja."

Mpishi alikuwa tayari amekwisha kunyoosha mkono kwa ajili ya kupeana.

"Hapana, papa," alisema Apolline. "Siombi musamaha."