Pengo Kwenye Kisanduku cha Jina

Jumanne moja ya Mei 1999, saa tatu na robo asubuhi, Wegesa alikuwa amekwisha kufuta vumbi kwenye kompyuta ya chama cha wafugaji pale Kitaji, Musoma, na chai yake ilikuwa bado ya moto, alipoingia baba yake mdogo kutoka Mugeta. Alikuja kuandikisha ng'ombe kumi na mmoja. Wegesa aliwafahamu. Walikuwa uzao wa ng'ombe wa marehemu baba yake, waliochukuliwa na ukoo miaka ile ya foleni za sukari, mama yake Tereza akabaki Butiama na kibuyu kikavu.

Wegesa alijaza kwanza kisanduku cha mwenye mali, akaandika ukoo, kisha akauliza jina kamili la mwandikishaji.

"Wenceslaus Makongoro Burito Mniko Machage."

Kisanduku cha jina kilikuwa na nafasi ishirini na nne tu. Wegesa akamshauri aishie kwa Makongoro.

"Jina la wazee halikatwagi, mwanangu."

Mzee Wenceslaus alikuwa mcheshi, watu walimpenda, ila kubishana naye ni sawa na kutwanga maji. Wegesa akaandika lote. Kwenye R ya Burito kisanduku kikajaa. Herufi zilizobaki zikamwagikia kisanduku jirani, kile cha mwenye mali, zikakifuta. Hapo ng'ombe mwekundu akatoka kwenye kioo cha kompyuta, akaruka waya wa printa, akashika barabara ya Butiama.

Wegesa alisogeza kikombe. Ng'ombe asiyeandikiwa mwenye mali huenda anakotaka. Mzee naye aliona, lakini kwa kila ng'ombe jina liliandikwa lote, na ilipofika saa sita wote kumi na mmoja walikuwa wamekwenda. Alitia sahihi kwa kila mmoja, akaaga vizuri.

Tereza aliwapokea langoni, akiwaita kwa majina ya bibi zao. Jioni alikamua. Wegesa alipofika alimkuta mama yake anacheka peke yake, povu la maziwa kwenye mdomo wa juu, akafurahi mpaka akaona haya.

Ila alijua kosa liko wapi. Programu ya chama aliiandika mwenyewe, lakini sehemu ya kupokea majina aliitoa kwenye maktaba, yaani vipande vya programu ambavyo mtu mwema huandika na kuviacha wazi, ruksa kila mmoja kusoma, kuchukua na kurekebisha. Hii iliandikwa na mzee mmoja wa nchi za baridi. Ilipokea jina bila kuhesabu herufi, na dunia nzima ilikuwa imeichukua hivyohivyo.

Ijumaa, kwenye tawi la chama kule Bunda, bwana mmoja mwenye jina la mababu watano, aliyesikia ya Kitaji, aliomba kusahihisha daftari: mwandikishaji wa ng'ombe wa bibi Jeska, mkazi wa pale, asomeke yeye, jina zima. Alikuja na kamba. Ng'ombe huyo, wa pekee wa Jeska, alipotoka kwenye kioo alikutana nayo mlangoni. Jeska aliambiwa ajaze fomu, akajaza.

Wegesa alimweleza mama yake habari zote, hata ile ambayo angependa kuimeza.

"Nikiliziba hilo pengo, mama, hawa nao wanaondoka."

Tereza alikuwa anaosha kibuyu. Alikiosha mpaka kikang'aa.

"Pengo ni pengo," alisema. "Ukiliona kwenye zizi la mtu, hupigi yowe, wezi wanasikiaga. Unamwambia mwenyewe polepole, mnaziba. Leo limetoa wa kwangu, limetoa na wa Jeska."

Wegesa hakupiga yowe. Alimwandikia yule mzee barua-pepe yeye peke yake, akamwonyesha mahali. Mzee akajibu baada ya siku nne kwamba ni kweli, anaona aibu, na je, binti angeweza kuziba mwenyewe, maana yeye yumo kwenye kupanda viazi. Wegesa aliandika mistari miwili: hesabu herufi kwanza, zikizidi nafasi, ongeza nafasi. Akajaribu kwa majina ya ukoo mzima, na hakuna herufi iliyomwagika. Mzee akaisambaza dunia nzima kabla ya kutangaza kwamba kulikuwa na pengo. Kwenye orodha ya shukrani aliandika Wegesa wa Tereza, kama alivyoombwa.

Kilichofutika kikarudi kama kilivyokuwa kimeandikwa. Ng'ombe wa Jeska alikata kamba akarudi nyumbani, na Jeska akapika makande ya majirani wote. Wale kumi na mmoja walipanga mstari Butiama tangu alfajiri. Wegesa aliomba waandikwe jina la mama yake; chama kikamjibu kwa adabu kwamba hilo si kosa la programu. Tereza aliwakamua, kisha akawafungulia lango mwenyewe warudi Mugeta.

Mchana Mzee Wenceslaus alifika na kreti la soda kushukuru. Alikaa kwenye kiti cha marehemu kaka yake, akawaambia majirani kwamba akili ya binti huyu ni ya ukoo wao, na hapo hakudanganya. Wegesa alimuuliza mbele ya watu kama asingeachia hata mmoja.

"Ng'ombe ni wa ukoo, mwanangu," alisema kwa upole. "Na mama yako ni wa ukoo vilevile."

Tereza alimmiminia maziwa ya asubuhi. Alikunywa yote, akasifu utamu wake, akamwuliza shemeji anapata wapi maziwa mazuri namna hii. Tereza akamwongezea.