Tangi la Swali la Nne

Anold alikodi chumba mtaa wa Mabawa, akabandika tangazo mlangoni: hesabu za kalkulasi kwa siku kumi. Mtu mwenyewe somo hilo alilifaulu kwa kubahatisha, tena mara ya tatu. Najua, maana karatasi zake zote nilizisahihisha mimi.

Chuoni nilikuwa nafundisha bure darasa la maandalizi kwa wanaoingia mwaka wa kwanza wa uhandisi. Wanapimwa kwa mtihani; atakayeanguka, kisha akaanguka na marudio, anapoteza nafasi. Siku ya kwanza niliwauliza nusu ukijumlisha na theluthi unapata ngapi. Leticia, binti wa mkata mkonge wa Mwera, akaandika ubaoni mbili juu ya tano. Nilicheka mpaka nikaegemea meza. Nikawarudisha wote kwenye hesabu za sehemu, wiki nzima, na mmoja mmoja wakahamia kwa Anold.

Huko walikuwa wanakariri mtihani wa mwaka jana, swali na jibu, kwa sauti moja, watu wazima wenye ndevu. Nilipita nje nikawasikia, nikatema mate.

Mwaka huu swali la nne tulilibadili kidogo. Tangi lililokuwa likijazwa maji, sasa linavuja. Nikasahihisha karatasi arobaini, na katika thelathini na moja tangi lilizidi kujaa. La Leticia lilifurika kabisa. Bibi yangu hakuwahi kuingia darasani, lakini alijua ndoo iliyotoboka haijai.

Leticia alikuja ofisini, akaniamkia, akapokea karatasi yake. Nikamuuliza alikuwa na akili gani kumwacha mwalimu akamfuata kasuku.

"Kwa Anold nilikosea kila siku, mwalimu," akasema. "Hakunicheka hata mara moja."

Nikamjibu kwamba kicheko hakijamuua mtu. Nikamwambia marudio ni baada ya wiki mbili, aje kwangu kesho saa mbili asubuhi tuanze upya. Akaitikia kwa adabu, akaondoka.

Kesho yake nilikaa na chaki mkononi mpaka saa tano. Hasira zikanipeleka Mabawa. Nje ya chumba cha Anold niliitambua sauti ya Leticia, ndiyo iliyokuwa ikiwaongoza wenzake, mstari kwa mstari, bila kusita. Walikuwa wanakariri tangi linalovuja.

Mtihani wa marudio nimeutunga mimi. Hauna tangi. Nilisimama pale mlangoni kitambo, kisha nikaenda zangu bila kubisha hodi.