Mwaka Tajudini Alipoacha Bangi

Kabla ya vita, hakuna kijana wa mtaa wa Jabe aliyetaka kuonekana akimsalimia Tajudini. Alikuwa mpaka rangi wa magari katika gereji moja ya mtaani, mtu ambaye mikono yake haikutakata hata siku ya Idi, na kila jioni baada ya kazi alikaa uani kwao, chini ya bati lililochakaa, akavuta bangi yake peke yake. Hakuiba, hakutukana, hakugombana na mtu. Lakini alikuwa mvuta bangi, na hilo liliwatosha. Vijana wa timu ya mpira walimfukuza uwanjani wakisema anawatia nuksi. Walipopita mbele ya nyumba waliziba pua, hata siku ambazo hapakuwa na moshi wowote. Massoudi, mtoto wa muuza nyama wa jirani, ndiye aliyekuwa hodari wa kumwigiza anavyotembea, polepole, kichwa chini, kama mtu aliyeangusha sindano mchangani. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini.

Mwantum, dada yake, aliyaona yote hayo kutoka barazani, alipokuwa akishona sare za shule. Alikuwa mjane, na ndiye aliyemlea Tajudini tangu mama yao alipofariki. Alimpenda, lakini alimwonea haya. Alimtengea sahani yake na kikombe chake. Mwanamume mmoja wa mtaa wa Buyenzi alimletea posa, akaulizauliza kwa majirani habari za nyumba ile, na baada ya hapo hakuonekana tena.

"We Taju, si uache tu?" Mwantum alikuwa akimwambia.

"Nitaacha, dada. Inshallah."

Alisema hivyo kila mara, kwa sauti ya upole, na kila mara Mwantum alirudi kwenye cherehani yake.

Kisha vita vikaja. Rais aliuawa, watu wakachinjana huko vilimani, na haukupita muda mrefu moto ukaingia mjini. Watu wa mtaa wa Bwiza walihama na magodoro kichwani. Zikafuata siku za ville morte, ambapo mtu akifungua duka anapigwa mawe, akitoka njiani anaweza asirudi. Shule zilifungwa, na hakuna tena aliyeagiza sare. Vijana waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa taifa sasa walifanya irondo, zamu ya kulinda mtaa usiku kucha, wakiwa na mapanga na mawe, na baadaye na vitu ambavyo Mwantum hakutaka kuviangalia. Mchana walijilaza kwenye vibaraza bila kupata usingizi.

Siku moja Massoudi alibisha hodi uani.

"Dada Mwantum, kaka Taju iko?"

Mwantum alishtuka. Hakuwahi kumsikia mtoto huyo akimwita ndugu yake kaka.

Siku za kwanza vijana walikuja kuvuta mmoja mmoja, wakitazama nyuma. Baadaye walikuja kwa makundi, wakavua viatu mlangoni kama wageni wa heshima. Yule waliyekuwa wakimzibia pua sasa walimpisha kiti. Walisema wanamwelewa, kwamba yeye alijua kabla yao namna ya kuvumilia dunia. Wasichana wa mtaani, ambao zamani wangekimbia, walisimama ukutani wakicheka nao. Ukimwuliza mmoja wao, alijibu kwamba bangi ni majani tu, ya kuua watu ni risasi.

Na Mwantum, Mungu amsamehe, alifurahi. Kwa mara ya kwanza uani kwake palikuwa na kicheko na ndugu yake alikuwa mtu mbele ya watu. Aliwachemshia chai.

Miongoni mwao alikuwamo Valéry, kijana mrefu, mpole, aliyekimbia Bwiza na mama yake, mwalimu Léoncie, wakapanga chumba nyumba ya tatu. Baba yake aliuawa mbele ya macho yake. Valéry alipenda kukaa karibu na cherehani na kumshikia Mwantum kitambaa kisiteleze. Siku moja alimwambia kwamba tangu watoke Bwiza, akifumba macho tu anamwona baba yake akitafuta kiatu. Siku hiyo hiyo alikwenda uani akamwomba Tajudini amsokotee. Tajudini alisita, akamtazama, kisha akamsokotea. Kijana alilala usingizi wa mchana mzima juu ya mkeka, na mama yake alipokuja kumtafuta, Mwantum alimwambia, "Mwache apumzike, mwalimu. Amechoka."

Ilipita miezi kadhaa namna hiyo. Alasiri moja Valéry alivuta, akainuka akisema anakwenda kununua mkate. Kwenye barabara kubwa askari walikuwa wameweka kizuizi asubuhi ile. Wauza mboga waliokuwapo walisimulia baadaye. Askari alipiga kelele, simama. Kijana aliendelea kutembea, akitabasamu, mkono mmoja mfukoni. Askari alirudia. Valéry akamnyooshea mkono kama anayemsalimia rafiki. Alipigwa risasi kifuani, na mfukoni mwake hapakuwa na kitu ila noti ya kununulia mkate.

Tajudini alipopata habari hakulia. Aliingia chumbani, akatoa kila alichokuwa nacho, akakimwaga chooni.

"Mi ndiye nilimusokotea, dada," alisema. "Hakusikia kelele ya askari. Mi ndiye niliziba masikio yake."

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Hakulala. Alilowa jasho, akakataa chakula, akamfokea Mwantum kwa mambo ya bure kisha akaomba radhi. Mwantum alimkorogea uji, akamshika mkono kama alivyomshika alipokuwa mtoto mwenye surua. Polepole uso wake ukarudi. Akaanza kula. Akaonekana msikitini alfajiri. Mwantum alimtazama akivaa kanzu, akajificha jikoni alie kwa furaha.

Lakini Tajudini hakuweza kukaa na siri ile moyoni. Alimwomba dada yake amsindikize kwa Léoncie. Walikaa kwenye kitanda, maana kiti kilikuwa kimoja, na Tajudini akasema yote. Léoncie alisikiliza bila kupepesa. Jirani mmoja alikuwa mlangoni na sahani ya maharage, naye akasikia.

"Mwanangu aliuawa na risasi," Léoncie alisema mwishoni. "Hakuwa mulevi. Usimuue mara ya pili, Tajudini. Nakuomba."

Neno lile lilizunguka mtaa mzima kabla ya jua kuchwa. Vijana walikuwa wameandika jina la Valéry kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa shule iliyofungwa. Kwao alikuwa shujaa aliyewacheka askari usoni. Na sasa huyu mpaka rangi anasema eti alikuwa amelewa? Tena ameacha kuvuta nao, amefunga uani kwake. Wakaanza kuulizana, mtu anaacha ghafla kwa nini? Nani amemwambia aache? Mmoja akasema alimwona akiongea na askari. Tajudini alikuwa ameongea na askari kweli, alipoulizwa kitambulisho kama kila mtu. Katika mwaka ule, mtu akishaitwa msaliti, watu wa nyumbani kwake walianza kumlilia angali hai.

Kule gereji wateja walikoma. Mawe yalidondoka juu ya bati. Msikitini vijana walihama safu aliyosimama. Hapo zamani walimcheka tu. Sasa hawakumcheka, walimtazama.

Mwantum alihangaika. Alikwenda kwa imamu, akaambiwa avute subira. Alikwenda kwa baba yake Massoudi, muuza nyama, mtu mkubwa mwenye sauti ya kutisha ambaye zamani akikohoa tu watoto wote wanakimbia. Alimkuta anafuta kisu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ongea na mwanao," Mwantum alimsihi. "Ni mtoto wako."

"Mwantum, dada yangu," mzee yule alisema bila kuinua macho, "hata mi sasa napiga hodi kabla ya kuingia mu chumba chake."

Walikuja siku ya Jumapili, baada ya alasiri. Tajudini alikuwa akirekebisha mguu wa meza. Mwantum alisimama mlangoni akiwa bado na mkasi mkononi, akauona, akauweka chini.

"Massoudi, kaptula yako ya kwanza ya shule nilishona mi."

"Najua, dada," Massoudi alijibu kwa adabu kabisa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hatukuja kwa ubaya. Tupishe kidogo."

Akampisha. Wangeweza kumsukuma, lakini hawakuhitaji. Waliingia, wakamzunguka Tajudini. Massoudi akatoa msokoto ulio tayari, akauwasha, akavuta, akamnyooshea.

"Vuta na sisi, mukubwa. Kwa jina la Valéry. Useme hakulewa."

"Apana," Tajudini alisema. "Massoudi, wadogo zangu, muache na nyie. Mi niliona—"

"Vuta tu."

Nyuma yao kijana mmoja alikuwa amesimama na koti, jua lote lile, na mkono wake ulikuwa ndani ya koti. Mwantum alimwona. Tajudini pia alimwona. Ndugu yake akageuza uso kumtazama yeye, si kwa kuomba msaada, bali kama mtu anayeuliza njia. Mwantum alitafuta neno. Aliona ile kanzu kwenye kamba, uji, zile wiki zote.

"Vuta, Taju," alisema.

Akavuta. Akakohoa hadi machozi yakamtoka, nao wakacheka, wakampigapiga mgongoni, wakasema mukubwa wao amerudi. Massoudi alikaa kwenye mkeka akauliza kama kuna chai. Mwantum akaenda kuchemsha maji.

Tajudini hakuacha tena. Alijaribu mara mbili au tatu, kisha hata kusema nitaacha akaacha. Mwenye gereji alimvumilia, mwishowe akachoka.

Vita vikaanza kutulia. Mikataba ikasainiwa, wengine wakatoka msituni, shule zikawa na kelele tena na Mwantum akapata sare za kushona. Wale vijana, waliosalia, wakaoa. Massoudi alirithi bucha la baba yake, akafuga ndevu, akawa mmoja wa viongozi wa chama cha vijana kilichokwenda shuleni kuwaonya watoto juu ya bangi. Watoto walimsikiliza vizuri. Kwao mvuta bangi ni takataka, na hawakujua kwamba iliwahi kuwa vingine.

Asubuhi moja walikutana sokoni. Mwantum alikuwa akitoka upande wa Buterere, ambako bado kulikuwa na mwanamke aliyeuza bangi, na kilichofungwa kwa jani la mgomba kilikuwa ndani ya kapu, chini ya mchicha.

"Dada Mwantum, salama? Na mgonjwa wetu?"

"Iko."

Massoudi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Watu kama Taju wanaharibu watoto mu kartie, mutaa muzima, dada. Tunafikiria tuseme na wakubwa wa mtaa, wampeleke mahali. Lakini mi namuombea dua kila Ijumaa. Mungu amupe nguvu ya kuacha."

Mwantum alimtazama usoni muda mrefu, akitafuta kama anakumbuka. Hakuona kitu. Labda alikuwa amesahau kweli.

"Amina," alisema, akahamishia kapu mkono wa pili, akaharakisha kwenda nyumbani, kwa sababu Tajudini hakuwa amekula tangu juzi, na bila ile asingekula.