Chupa Isiyooshwa

Maabara yetu iko chini ya ngazi, na aliyebaki ndani yake ni mimi. Wenzangu wawili walihamia hospitali kubwa wakaniachia darubini na jina la Mama Chupa. Darubini haina neno, haiulizi habari za nyumbani.

Jumatatu asubuhi daktari wa watoto aliteremka na faili la mtoto wa miezi tisa. Midomo imepauka, damu haipandi. Wamempa madini ya chuma, wamempa asidi ya foliki, wamemdunga vitamini B12, wapi.

"Kesho namruhusu," alisema. "Aendelee na dawa za damu nyumbani. Mimi nimefika mwisho, mama."

"Akienda hivyo atakufa."

"Basi nipe kitu cha kuandika."

Sikuwa na kitu. Nilikuwa na chupa ya mkojo wake tu, niliyoipima saa mbili nikakuta safi. Nikaenda kuimwaga na kuiosha, maana kwa usafi mimi sina mchezo. Bomba likakohoa, maji yamekatika. Nikaiacha dirishani, nimenuna.

Saa nane mchana ndani ya chupa, chini kabisa, palikuwa pametua unga mweupe. Nikauchota kidogo, nikauweka kwenye kioo. Kwenye darubini niliona sindano nyembamba, zimelaliana ovyo. Nikafungua vitabu nilivyovisahau hadi nikaipata: asidi ya orotiki. Mwili huitengeneza, kisha huigeuza kuwa yuridini, na bila yuridini chembe za damu hazizaliani sawasawa. Kwa mtoto huyu kazi ilikwama katikati. Asidi ikawa inatoka na mkojo, damu ikabaki na njaa. Hapo chuma kingesaidia nini?

Nilipanda ngazi mwenyewe, na magoti yangu haya.

"Sindano tu si ushahidi," daktari alisema.

"Najua. Peleka sampuli maabara ya hospitali kubwa. Ila mtoto asitoke."

Akachana karatasi ya ruhusa. Majibu yalirudi kama nilivyosema, na mtoto akaanza kunyweshwa yuridini.

Baada ya miezi miwili mama yake alimleta nimwone. Midomo ilikuwa na rangi, mashavu yamejaa, na mkono wake mmoja ulinivua miwani bila kuomba.

"Mama, wewe una watoto wangapi?" mama yake aliniuliza.

"Nilikuwa na mmoja, wa kike. Alipauka kama wako alivyokuwa. Tulimpa chuma."

"Pole sana, mama." Akamkumbatia wake kwa nguvu zaidi, na sikumlaumu.

Yaliyobaki sikumwambia. Poti aliyokojolea binti yangu usiku, kila asubuhi ilikuwa na unga mweupe chini, na mimi, mtaalamu wa maabara kwa miaka minne wakati huo, nilikuwa nausugua kwa sabuni. Sikuuweka chini ya darubini hata siku moja. Majirani walinisifu kwa usafi, nami nilipenda kusifiwa.

Walipoondoka niliosha chupa zote za siku ile, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani kwangu ambako hakuna wa kunifungulia. Poti bado ipo, juu ya kabati. Niliishusha nikaitazama ndani kwa muda mrefu. Haina hata doa.