Meza ya Eulises

Siku aliyotoka kutafuta meza ya kinanda, Don Arcesio, mwenye studio ya kurekodi muziki, alikipakia kinanda chenyewe kwenye bajaji na kukizungusha kwenye maduka yote ya mji wa Quibdó, mvua ikinyesha kama kawaida. Meza ya kwanza iligonga magoti. Nyingine ilimpandisha mabega hadi masikioni. Ya mwisho ilikaa vizuri, ila kila ukibonyeza sauti nzito ilitikisika.

Haraka hiyo ilikuwa ngeni kwake. Eulises Mosquera, mpiga kinanda wake, alirekodi miaka yote amesimama, kinanda kikiwa juu ya friza bovu, mgongo umepinda. Kila alipoomba meza, Don Arcesio alimjibu, "Mwezi ujao." Sasa Eulises amekufa, na mpigaji mpya kutoka Medellín amegoma kusimama.

Alasiri Don Arcesio alipita msibani. Sebuleni kwa mjane, Leocadia, madhabahu ya marehemu ilikuwa juu ya meza: shuka jeupe, mishumaa, kipepeo wa kitambaa cheusi. Alipiga goti kusali, akaegemeza viwiko mezani, navyo vikatulia. Marehemu aliichonga mwenyewe, kwa kipimo cha mwili wake.

"Doña Leocadia, niazime hii meza."

"Kesho ndiyo usiku wa tisa wa msiba, wa kumuaga, Don Arcesio. Ngoja kwanza tubomoe madhabahu, mwenzetu aende zake."

"Madhabahu hata kwenye kreti za bia inakaa. Au umesahau nani kanunua jeneza?"

Hakuwa amesahau. Meza ikatoka.

Usiku wa tisa waliimba, wakabomoa madhabahu iliyowekwa juu ya kreti, wakazima mishumaa, wakafungua mlango ili marehemu atoke. Hakutoka mtu, kwa sababu hakuwamo. Alikuwa ameondoka na meza.

Asubuhi Don Arcesio alimkuta Eulises studio, amekalia ndoo ya rangi, magoti yameingia chini ya meza bila kugusa popote. Walisalimiana. Kisha akampigia simu yule wa Medellín, akamwambia arudi kwao.

Mchana Leocadia alikuja na samaki na ndizi za kukaanga, kama alivyozoea.

"Nipe meza usiku mmoja tu," alimwambia Don Arcesio. "Tumuage vizuri. Apumzike, jamani."

"Na kazi je? Halafu mwenyewe halalamiki. Muulize."

Leocadia akamgeukia mumewe. "Eulises, baba, twende nyumbani."

"Tangulia, Leocadia. Bosi anasema umebaki wimbo mmoja tu."

Ndivyo alivyomjibu kila jioni enzi za uhai wake. Leocadia, ambaye msibani hakutoa chozi, alilia hapo hapo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Don Arcesio alimsubiri amalize, maana kilio kingeingia kwenye rekodi.

Eulises alinyoosha vidole. Meza ni nzuri kweli, alisema, mgongo umeacha kuuma. Ila ndoo ni ngumu. Kiti hakiwezi kupatikana?

"Mwezi ujao," alisema Don Arcesio, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kurekodi.

Leocadia akavua shali lake jeusi, akalikunja, akamtandikia mumewe juu ya ndoo. Kisha akatoka kwa kunyata, viatu mkononi, asije akaingia kwenye rekodi.