Dada Yuko Juu ya Hayo

Mwalimu Rula alinifundisha Kiingereza nikiwa darasa la nne, na miaka ishirini baadaye nikakaa naye meza moja katika ofisi ya walimu. Jina la Rula tulimpa sisi watoto. Yale maneno madogo ya Kiingereza aliyafundisha kwa rula ya mbao: akiilaza mezani, tunasema "on"; akiipitisha chini ya meza, "under"; akiishika hewani, shubiri moja kutoka mezani, darasa zima linapaza sauti, "over!" Kwake "over" ilikuwa hiyo tu, juu ya kitu bila kukigusa, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Muhula uliopita nilitunga mtihani wa darasa la saba, naye akaupitia kwa kalamu nyekundu. Kuna sentensi niliyoandika kuhusu mwanamke mgonjwa: "She is over her illness." Akaizungushia duara.

"Binti, huyu mgonjwa amepandaje juu ya ugonjwa wake? Ana ngazi?"

Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikiwemo.

"Hapana, Mwalimu. Maana yake amepona. Ugonjwa umeshampita."

"Kwa 'over'?"

"Kwa hiyohiyo. Mechi ikiisha, ni 'over'. Ukiruka ukuta, ni 'over'. Watu wakigombania shamba, wanagombana 'over' shamba. Na jambo likikutoka moyoni, basi wewe uko 'over' jambo hilo."

Nakiri nilikuwa najigamba kidogo. Kumsahihisha mwalimu wako kuna utamu wake.

Yeye hakucheka. Akaniuliza polepole, "Na kama jambo lenyewe ni ugomvi?"

"Basi umekwisha. Haumuumi mtu tena. Amesamehe."

Akaifunika kalamu, akachukua mkoba wake, akatoka. Wanafunzi wake wa kipindi cha nne walimsubiri mpaka kengele ikalia.

Nilimkuta mchana katika darasa tupu, amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani. Akaninyooshea karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa barua kutoka kwa mpwa wake. Dada yake, mkubwa wake kwa miaka sita, aliolewa nchi ya mbali akazaa huko. Mama yao alipougua, Rula ndiye aliyemuuguza mwaka mzima, akimgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko. Mama akafa. Dada akachelewa ndege, akafika siku mbili baada ya mazishi. Alipoingia sebuleni na sanduku lake, watu wamejaa, Rula alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mgeni amefika. Mpeni kiti."

Dada hakukaa. Kesho yake aliondoka.

Baada ya miezi mitatu dhamiri ilimsuta Rula, akamwandikia kuomba radhi. Macho ya dada hayakuwa mazuri, kwa hiyo mpwa ndiye aliyejibu, na mpwa Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Barua yake ilianza, "Shikamoo Mjomba," kisha Kiingereza: mama amepata barua yako, "she is over it," na hataki uyataje tena.

"Nikasoma kwamba yuko juu ya hayo," alisema Rula. "Nikajua amejipandisha, ananitazama kutoka huko kama mdudu. Mwaka ule alipiga simu mara mbili. Nikaiona ile namba ya ng'ambo, nikaiacha ilie."

"Lakini Mwalimu, hukuuliza mtu? Hata kamusi?"

"Kamusi nilifungua. Maana ya kwanza ilikuwa hiyohiyo ya rula. Chini yake kulikuwa na maelezo marefu, safu nzima. Nikaifunga." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilitaka iwe hivyo, binti. Kununa kulikuwa rahisi kuliko kuomba radhi mara ya pili."

"Ni miaka mingapi sasa?"

"Kumi na mmoja."

Namba ya mpwa ilikuwa chini ya barua. Tukaipiga papo hapo kwa simu yangu, nikafungua spika. Akapokea mwanamke. Nilipomweleza ni nani anayepiga, alisema "Mjomba?" Tukamsikia akilia.

Mama yake, alisema kwa Kiingereza, anaumwa ugonjwa wa kusahau, mwaka wa pili sasa. Kiingereza chote kimemtoka. Anasema Kiswahili kutwa, na ndani ya nyumba ile hakuna anayekijua. Baba, aliyekijua, alishafariki. "Anatuambia mambo mengi, sisi tunaitikia kwa kichwa tu."

Rula akaomba simu iwekwe karibu naye. Sauti nyembamba ikatujia: "Miguu inaniganda. Jamani, miguu inaniganda."

"Anasema nini?" mpwa aliuliza. "Hayo anayasema kila siku."

Rula, kwa kile Kiingereza chake cha darasani, alimwambia kwamba miguu ina baridi, amtafutie soksi nene. Tukasikia droo zikifunguliwa. Kisha ile sauti, "Aa. Afadhali."

Mzee wa watu akashindwa kujizuia. "Dada, ni mimi mdogo wako. Nisamehe kwa yale ya msibani."

"Msiba?" Sauti ilishtuka. "Msiba wa nani? Nani amekufa?"

"Hakuna, Dada. Hakuna aliyekufa. Wote wazima."

Rula hajayataja tena. Lakini kila siku baada ya vipindi anapiga simu. Dada anasema, Rula anafasiri, mpwa anatekeleza: pazia lifunguliwe, chai ipunguzwe sukari, yule mwanamke wa kwenye kioo aambiwe aondoke. Siku nyingine Dada humwita Rula daktari, siku nyingine fundi wa bomba, naye huitikia yote.

Juzi nilikuwa nasahihisha madaftari pembeni yake. Dada alikuwa mchangamfu.

"Una sauti nzuri wewe. Wazazi wako hawajambo?"

"Hawajambo, Dada."

"Mimi nina mdogo wangu mwalimu. Nilimbeba mgongoni yule. Hanipigii simu."

"Labda ana kazi nyingi."

"Kazi gani ya miaka yote hiyo?"

Upande wa pili mpwa akauliza kwa hamu, kama anavyouliza siku zote, mama anataka nini. Rula akanisukumia simu juu ya madaftari, akaenda kusimama dirishani, akanipa mgongo.

Ikabidi nifasiri mimi.